Simo za Kiingereza na chimbuko lake: "Blighty" na Ulaya ni ndugu wa tumbo moja

BarazaLaMjini (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi jioni akitulia.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Unguja. Miaka kadhaa iliyopita nilimbeba mzee mmoja wa Kiingereza, umri umemwendea, fimbo mkononi. Tulisimama Darajani kunywa chai. Mzee akanyanyua kikombe, akanusa, akasema hakuna kitu duniani kama kikombe cha "char". Nikadhani neno chai limemshinda. Wakati wa kuondoka mwenye mgahawa akamfungia maandazi mawili kwenye karatasi, akakataa pesa. Mzee akacheka, akaniambia haya tumeyapata "buckshee".

Hapo nikashtuka. Nikamuuliza, bakshishi? Akasema hajui bakshishi ni nini, lakini baba yake alikuwa askari India, na haya ndiyo maneno aliyorudi nayo nyumbani. Kila kitu cha bure kwao kiliitwa hivyo.

Tangu siku ile sijaacha kuchimba. Nilichokiona ni hiki: simo, yaani maneno ya mtaani, hayaoti kama uyoga. Yana mwaka, yana mahali, mengine yana hata gazeti lililoyachapa kwa mara ya kwanza. Na sehemu kubwa ya simo za askari wa Kiingereza ilivuka bahari hiihii iliyotuletea sisi chai, bakshishi na kaki.

Tuanze na neno nilipendalo kuliko yote: "Blighty".

Kwa askari wa Kiingereza, "Blighty" ni kwao, Uingereza. Ukilisikia tu utasema ni Kiingereza cha kale. Siyo. Kiarabu kina neno wilaya, yaani eneo lililo chini ya mtawala. Waajemi wakalichukua, likafika India likawa vilayat, na huko likaanza kumaanisha nchi ya mbali, nchi ya wale wageni, Uingereza yenyewe. Kitu cha kigeni kikaitwa vilayati, na kwa matamshi ya sehemu nyingine bilayati. Askari wa Kiingereza aliyekaa India miaka saba akasikia wenyeji wanapaita kwao hivyo, naye akaanza kupaita hivyohivyo. Ulimi wake ukafanya kazi yake, bilayati ikawa "Blighty".

Sasa geuka nyumbani. Sisi tunasema Ulaya. Imetoka wapi? Wilaya ileile. Na wilaya yenyewe pia tunayo, mpaka leo kuna Mkuu wa Wilaya. Neno moja la Kiarabu limetupa sisi mawili, na limempa askari wa London jina la kuiita nchi yake akiwa amekumbuka kwao.

Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, ndiyo iliyolieneza. Kwenye mahandaki ya Ufaransa, askari aliyepigwa risasi ya mguu, jeraha lisiloua lakini la kumrudisha nyumbani, wenzake walisema amepata "blighty". Jeraha liliitwa kwa jina la nchi. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Mtu anashukuru kwa kuvunjwa mfupa.

"Buckshee" nimeshalitaja. Asili ni Kiajemi, bakhshish, kitu unachopewa kwa hisani. Kwetu bakshishi ni ile unayomwachia mhudumu au mpagazi. Kwao ikawa chochote cha ziada kisicholipiwa. Na "char" ni chai tu. Wachina wanasema cha, ikapita Uajemi na India, kwetu ikafika chai, jeshini kwao ikabaki "char". Wareno walipata cha kwa sababu walifanya biashara Macau. Waholanzi walinunua kwa wafanyabiashara wa Fujian, ambako hutamkwa te, na "tea" ya Waingereza inatoka upande huo. Kwa hiyo Mwingereza ana majina mawili ya kinywaji kimoja, la mezani na la kambini, na la kambini ndilo ndugu wa letu.

Kuna moja naomba madereva na waongozaji wenzangu mlisikie vizuri: "bint". Kwetu binti ni neno la heshima. Binti yangu, binti Salim, binti wa watu. Asili ni Kiarabu, msichana au mtoto wa kike. Askari wa Kiingereza waliopiga kambi Misri katika vita zote mbili walilichukua wakalichafua. Kwa Kiingereza cha mtaani, mwanamke akiitwa "bint" ametukanwa. Ukimsikia mgeni akimwita mhudumu hivyo, usidhani amejifunza Kiswahili.

Naendelea baada ya magharibi. Ulizeni.

Kijana wa Sinza

Mkuu umeshusha nondo. Mimi naomba OK. Nilisoma mahali kwamba ni vitani, wanaandika sifuri waliouawa, "0 killed", ikawa O na K. Ni kweli?

Dada wa Bamburi

Mie nimekaa, chai yangu mkononi, na leo nitaitazama kwa jicho jingine. Kaka endelea.

BarazaLaMjini

Dada karibu sana.

Kijana wa Sinza, hiyo ya vitani inazunguka kila mwaka na siyo kweli. OK ni neno ambalo tunaijua hata siku lilipochapwa: tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post, Marekani. Wakati ule wahariri wa Boston walikuwa na mchezo. Wanachukua maneno ya kawaida, wanayakosea tahajia makusudi, halafu wanaandika herufi za mwanzo tu. Sentensi ya kusema kila kitu ni sahihi, "all correct", wakaiandika "oll korrect", ikawa o.k. Walikuwa na nyingine nyingi za aina hiyo, kwa mfano O.W., ambayo ilikuwa "oll wright". Zote zimekufa.

Kwa nini hii moja ikapona? Siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakambandika jina la Mzee wa Kinderhook, "Old Kinderhook". Herufi zikaangukia palepale, O na K. Vilabu vyake vya kampeni vikajiita O.K., wapinzani wakazigeuza kumkejeli, magazeti ya nchi nzima yakazibeba. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison. Neno likabaki.

Aliyeyafukua haya ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alipekua magazeti ya zamani, akachapisha matokeo yake 1963 na 1964. Ninachompendea ni kwamba hakuishia kwenye "nimesikia". Alionyesha gazeti, tarehe na ukurasa, hatua kwa hatua.

Fundi Saa

Mkuu hapo nakupinga kwa heshima. OK ni ya Waafrika. Wolof wa Senegal wanasema waaw kay, ndiyo kabisa. Watumwa waliifikisha Marekani. Hawa wenzetu wanapenda kutunyang'anya kila kitu.

BarazaLaMjini

Fundi, uchungu wako ninao na mimi. Hoja hiyo ilitolewa na msomi wa lugha za Afrika, David Dalby, siyo na mtu wa mitaani. Na Wolof wanasema hivyo kweli. Lakini kufanana kwa sauti hakutoshi. Tunahitaji daraja: nani aliitamka, wapi, ikaandikwa lini, ikafikaje kwenye meza ya mhariri wa Boston. Upande wa Boston daraja lote lipo, pamoja na wenzake wa mchezo uleule. Upande wa Wolof kuna ng'ambo mbili na maji katikati.

Nikupe mfano wa hatari ya kusikiliza sauti tu. Wamarekani wanaitana "dude". Sisi tuna dude, lile likitu usilolijua jina, limekaa njiani linakutisha. Yanaandikwa sawasawa na hayahusiani hata kidogo. La kwao lilivuma New York mwaka 1883, na wakati ule lilimaanisha kijana anayejipamba kupita kiasi, kola ndefu, fimbo ya maringo. Mzungu akija kudai dude letu limetoka New York utacheka, si ndiyo? Basi tujipime kwa kipimo hichohicho.

Na ukitaka neno la mtaani la Kiingereza ambalo Afrika inalidai bila ubishi, hili hapa: "goober". Kusini mwa Marekani ni karanga. Wakongo wanasema nguba. Kikongo na Kimbundu, lugha za Kibantu, dada wa Kiswahili. Neno hilo liliingia melini pamoja na watu waliofungwa minyororo, likavuka Atlantiki, likabaki midomoni mwa watu wa Georgia mpaka leo. Daraja lake liko wazi. Watu walitoka pale, wakafika pale, na karanga zao na jina lake.

Nyingine ni "woke". Leo wanasiasa wa Marekani wanalitumia kama tusi. Wamarekani weusi walilitumia kwa maana ya kuwa macho, usilale, hatari ipo. Mwaka 1938 mwanamuziki Lead Belly alirekodi wimbo kuhusu vijana weusi wa Scottsboro, Alabama, waliosingiziwa kubaka, na kwenye rekodi hiyo anawaonya watu weusi wanaopita kule wawe macho, "stay woke". Hapo maana yake ilikuwa uhai wa mtu. Linaniuma neno kama hilo likichezewa.

Fundi Saa

Nguba nimeikubali. Mke wangu ni wa Matadi, nimemuuliza sasa hivi, amesema ndiyo hivyohivyo wanaita. Endelea mkuu.

Msee wa Umoja

Niko Nairobi. Hapa konda bado anakuitisha "fifty bob". Hiyo bob imetoka wapi?

BarazaLaMjini

Hiyo Nairobi mmeihifadhi wakati wenyewe wameitupa. "Bob" ilikuwa simo ya shilingi Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 18. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipoleta shilingi ya Afrika Mashariki, simo yake nayo ikashuka bandarini. Kisha tarehe 15 Februari 1971 Waingereza wakabadili mfumo wa pesa zao, shilingi ikafutwa, na bob ikabaki kwa wazee na kwenye misemo. Kijana wa London leo hana cha kununua kwa bob. Wewe unapandia matatu.

Dada wa Bamburi

Kaka, na ile lugha ya London ya kuficha, wanaita ngazi "apples"? Nilifanya kazi kwa familia moja kule, baba mtu akiongea na nduguye simuambui neno.

BarazaLaMjini

Dada, umegusa penye utamu wenyewe. Hiyo ni lugha ya vina ya mashariki ya London, kwa wachuuzi wa barabarani, na kamusi ya John Camden Hotten ya mwaka 1859 tayari inaieleza.

Inafanya kazi hivi. Unachukua neno unalotaka kulificha, mathalani "look", kutazama. Unatafuta fungu la maneno ambalo mwisho wake una kina nalo: "butcher's hook", kulabu ya mchinjaji. Halafu, na hapa ndipo mgeni anapopotea, unakitupa kile chenye kina. Inabaki "butcher's". Mchuuzi anamwambia mwenzake hebu mtupie "butcher's" yule, na mteja amesimama palepale hajui kwamba anatazamwa. Ngazi ni "stairs", ikapata kina na "apples and pears", matofaa na mapeasi, ikabaki "apples". Huyo bosi wako alikuwa anasema anapanda juu.

Nyingine zimezama kwenye Kiingereza cha kila siku mpaka wenyewe hawajui kama ni vina. Kumwambia mtu "use your loaf", tumia mkate wako, ni kumwambia tumia kichwa, kwa sababu "loaf of bread" ina kina na "head". Mtu akisema "porkies" anasema uongo, kutoka "pork pies" na "lies".

Na walikuwa na mchezo wa pili, wa kugeuza neno kinyumenyume. "Boy", kijana wa kiume, ukiisoma kutoka nyuma unapata "yob". Leo "yob" ni kijana mkorofi wa mtaani, liko kwenye kamusi zote.

Huu wa pili watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa. Kinyume tunakijua. Unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, nyumba inakuwa mbanyu, kaka yako anakuelewa na mgeni anabaki anakodoa. Askofu Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 alikiandikia Kinyume kiambatisho kabisa. Zama zilezile, wachuuzi wa London wanageuza herufi na vijana wa Unguja wanageuza silabi, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Bibi yangu na dada yake walizungumza Kinyume jikoni tukiwa watoto, hasa habari za posa. Nilijifunza kwa kuiba sikio, siku niliyowajibu wote wawili waliacha kukuna nazi wakanitazama.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Vijana wangu, mnayapa hadhi maneno ya wahuni. Ndiyo sababu watoto wanaandika insha kwa lugha ya simu. Mwanangu BarazaLaMjini, una kipaji, kitumie kwenye Kiingereza sanifu.

BarazaLaMjini

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu insha, mtihani una lugha yake.

Ila nikuombe umfikirie mtu mmoja, Kapteni Francis Grose. Mwanajeshi wa zamani, bonge la mtu. Alizunguka London usiku, vilabuni na kwenye vichochoro vya hatari, akisikiliza wezi, mabaharia na makuli, na mwaka 1785 akachapisha kamusi ya lugha yao. Wasomi wa leo wakitaka kujua mtu wa kawaida wa London alizungumzaje, wanamwendea yeye. Asingetoka usiku ule, sauti za watu wale zingezikwa nao.

Na maneno ya wahuni hayakai uhuni milele. "Guy" wanalotumia sasa kwa mtu yeyote, limetokana na Guy Fawkes, aliyekamatwa usiku wa kuamkia 5 Novemba 1605 chini ya Bunge la Uingereza na mapipa ya baruti. Kila mwaka watu wakawa wanatengeneza sanamu lake la matambara na kulichoma. Sanamu likaitwa "guy". Kisha mtu aliyevaa ovyo akaitwa "guy". Kisha mwanaume yeyote. Leo mwalimu wa Marekani anawasalimu wanafunzi wake, wa kike na wa kiume, kwa jina la mtu aliyetaka kumlipua mfalme.

Kijana wa Sinza

Mkuu, na "posh" na "cop"? Nimesikia zote ni vifupisho.

BarazaLaMjini

Siyo vifupisho. Ya "posh", yaani ya kifahari, wanasema matajiri waliosafiri India walikatiwa chumba upande wa kushoto wa meli kwenda na kulia kurudi, "port out, starboard home", ili wasipigwe na jua. Hadithi tamu, lakini hakuna tiketi hata moja yenye herufi hizo iliyowahi kuonekana. "Cop", yaani polisi, ni kitenzi cha zamani cha kukamata, anayekamata akawa "copper", ikafupishwa. Ukiambiwa neno la karne ya 18 au ya 19 ni kifupisho, shika breki. Ukiondoa michezo kama ule wa Boston, wakati ule watu hawakuwa na mazoea ya kuunda maneno hivyo. OK ilitoka kwenye mchezo huo ikapona, na ndiyo maana ilihitaji profesa wa kuithibitisha.

Msee wa Umoja

Buda, umesema Blighty ilienezwa na vita ya 1914. Vita hiyohiyo ndiyo ilituachia Kariokor hapa Nairobi, sivyo?

BarazaLaMjini

Ndiyo, ndugu yangu, na nilikuwa nangoja mtu aiseme. Nyinyi Kariokor, Dar es Salaam Kariakoo. Yote ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Waingereza waliiteka Dar Septemba 1916, na wapagazi wao wakapiga kambi mahali ambapo leo ni soko. Vikosi vilipigana na Wajerumani mpaka ndani kabisa, kwenye mvua na mbung'o wanaoua farasi na nyumbu, kwa hiyo mizigo ikabebwa na vichwa vya watu. Walikusanywa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, wengi kwa nguvu. Maelfu kwa maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Tumelifanyia neno hilo kile walichoifanyia bilayati, na kile tulichoifanyia meli yao ya kivita, "man-of-war", ikawa manowari. Sikio limesikia, ulimi umelainisha.

Nilikuwa Kariakoo mwezi uliopita kununua shokabzoba. Mtaani hapapitiki, mikokoteni, vijana wanapita na marobota kichwani wakipaza sauti, pisha, mzigo, mzigo! Nikasogea ukutani nikawapisha. Yule wa mbele alikuwa amebeba robota la mitumba lililofungwa waya, shingo imesimama, jasho linamtiririka, na mbavuni mwa robota pamepigwa muhuri wa kule lilikotoka, Uingereza.